Ufunguo wa Mjane wa Chirau

Tulimwacha Kadenge ukumbini, mkono juu, anaomba aseme neno moja tu. Wiki nzima mmenisimamisha njiani mkitaka kujua ni neno gani. Mmoja alinifuata hata Mwembe Tayari nikinunua vitunguu. Haya, tulieni, leo nalisema.

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Kadenge alitaka kuwaambia wakubwa kwamba Bi Swabaha, mjane wa rafiki yake Chirau, hawezi kuja kuchukua ufunguo wa nyumba yake mpya kwa sababu amekaa eda. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mumewe haji kusukumana ukumbini na wanaume. Hukaa kwake nyuma ya pazia, hajipambi, hatoki, mpaka muda wake utimie. Basi, ni hilo tu.

Lakini kabla hajalitamka, Bwana Mutunga, mkuu wa mipango ya nyumba, alikwisha kuita.

"Mjane wa marehemu Chirau! Mara ya mwisho!"

Na kule nyuma akainuka mwanamke wa buibui, uso umefunikwa, hata macho huyaoni vizuri.

"Ni mimi," akasema.

Kadenge akashusha mkono. Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kutusoma, Kadenge ndiye msimamizi wa matengenezo katika mtaa wa Zambarauni, huku nyuma ya Bondeni. Tangu mvua za Elnino zitoboe mabati ya mtaa ule, mtu huyu hajui usingizi. Akiziba paa hili, la jirani linavuja. Akipaka chokaa ukuta huu, ule wa pili unamwaga lipu. Ameandamwa na akina mama wenye mabeseni mpaka akawa anapita vichochoroni ili afike kwake.

Mwisho wake mpango ukaja. Kwenye uwanja ulio wazi pembeni mwa mtaa zikajengwa nyumba mpya. Watu wa safu ya kwanza wahamie humo, safu yao iezuliwe, ijengwe upya, kisha safu ya pili ihamie, na hivyo hivyo mpaka mtaa mzima uishe. Nyumba moja, familia moja, ufunguo mmoja. Na mwenye ufunguo aje mwenyewe, hakuna kutuma mtu.

Kanuni hiyo ya mwisho aliiomba Kadenge mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa ajili ya madalali. Safari iliyopita walileta mashangazi na wapwa wa kubandika, wakajizolea funguo, wakaingiza wageni, na wenye mtaa wakabaki wanavujiwa. Sasa kanuni yake ilikuwa imemgeukia.

Mwanamke akapita katikati ya viti. Watu wakampisha, maana ni mfiwa. Akasimama mbele ya meza.

"Wewe ndiye mjane wa Chirau?" Mutunga akauliza.

"Ndimi."

"Pole sana, mama. Weka kidole hapa kwa wino, halafu hapa kwa karatasi."

Mkono ukatoka ndani ya buibui. Kadenge alikuwa amesimama ubavuni mwa meza, akauona wote. Kucha zilikuwa nyekundu kwa hina.

Wewe wa Mombasa umekwisha kushika kichwa. Wewe wa bara nivumilie kidogo. Mwanamke aliye edani hatii hina, hapaki wanja, hajifukizi udi. Hata pete huvua. Mjane mwenye hina hapa kwetu ni kama bwana arusi aliyevaa sanda.

"Huyo si mjane!" Kadenge akapaaza sauti. "Bwana Mutunga, usimpe! Ana hina!"

Ukumbi ukalipuka.

"Hina! Wallahi ana hina!"

"Mjane gani huyo, aliyefiwa na kuku?"

"Mshikeni huyo ninja!"

Mutunga akavua miwani, akajipangusa uso. Alikuwa ameita majina tangu asubuhi na shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

"Bwana Kadenge, mimi ni mtu wa Machakos. Rangi ya kucha na ufunguo zinaingiliana wapi?"

Kadenge akamweleza. Akina mama wakamsaidia kueleza, wote kwa pamoja, mpaka Mutunga akapiga meza.

"Sawa! Sawa, nimesikia! Sitaki maneno mingi. Gunga, mpeleke huyu mama stoo, umchunge."

Gunga, askari wa ukumbi, akamshika mwanamke mkono. Yeye wala hakupinga. Hilo lilimshangaza Kadenge kidogo, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushangaa kwa nusu tu.

Ndipo akainuka Abdulhalim. Mnamjua, dalali wa nyumba, mwenye mwavuli mweusi jua na mvua, sauti yake laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Mkubwa," akasema, "mimi sina neno na mtu. Lakini kanuni ni kanuni. Nyumba ikiingiwa na ulaghai, inakwenda kwa anayefuata. Si ndivyo tulivyosomewa?"

"Ndivyo," Mutunga akajibu kwa unyonge.

"Na anayefuata ni mimi. Nasema tu ili isije ikasahauliwa."

Kadenge akamgeukia Mutunga. Alikuwa amepiga kelele kuiokoa nyumba ya Swabaha, na kelele hizo ndizo zinazoitia mkononi mwa Abdulhalim.

"Mkubwa, nipe muda kidogo," akaomba. "Niseme na yule mwanamke. Nijue ametumwa na nani."

"Mpaka nimalize majina haya," Mutunga akasema. "Nikimaliza, nafunga."

* * *

Stoo ya ukumbi ilikuwa na viti vilivyovunjika, mifuko ya saruji iliyoganda, na ndoo za chokaa ambazo Kadenge mwenyewe alizileta mwaka juzi kwa kazi iliyoahirishwa. Mwanamke alikuwa amesimama pembeni, mikono ameificha.

"Nipishe kidogo, Gunga."

"Usikawie, mzee. Nitaulizwa mimi."

Mlango ukarudishwa. Kadenge hakumtazama yule mwanamke. Hakuwa hata na nguvu za kugomba.

"Mama," akasema, "kuna mke wa watu amefiwa. Yuko nyuma ya pazia, hajui la mashariki wala la magharibi. Nyumba anayokaa inaezuliwa kesho asubuhi, na mimi ndimi ninayesimamia mafundi. Asipopata ufunguo ule hana pa kwenda. Umekosa pengine pote pa kuiba, ukaja kwake?"

Mwanamke akazidi kuificha mikono.

"Sema. Nani aliyekutuma?"

"Baba."

Kadenge akageuka kutazama mlangoni. Alidhani kuna mtu mwingine ameingia.

Alipogeuka tena, nikabu ilikuwa imeinuliwa. Alikuwa Dama.

Dama, wasomaji wangu, ni mtoto wake wa kwanza. Dama anayekata tikiti za mabasi ya bara pale Mwembe Tayari. Dama ambaye Jumapili hizi za karibuni haonekani kanisani, na mamake anasema ni mambo ya zamu.

Kadenge akakaa juu ya ndoo ya chokaa.

"Sikudanganya, baba," Dama akasema upesi. "Yule bwana hakuita Swabaha. Aliita mjane wa Chirau. Nami ndimi mjane wa Chirau."

"Mjane wa nani?"

"Wa Chirau. Alinioa."

"Chirau gani?"

"Baba, Chirau ni yule yule."

"Chirau wangu? Ninayecheza naye bao?"

Dama akainamisha kichwa.

"Na hina ile?"

"Ni ya arusi. Nilitiwa hina, nikaolewa, na haijaanza hata kufifia akaanguka kazini kule Kilindini, moyo ukasimama. Ya viganjani imetoka. Ya kucha haitoki, baba. Nimesugua kwa ndimu mpaka zikaniwasha."

Mnaona mambo hayo? Mutunga wa Machakos, asiyejua hina wala eda, alikuwa amemwita mjane na mjane akaja. Kadenge wa hapa hapa, anayejua kila kitu, ndiye aliyemwita mwongo mbele ya mtaa mzima.

"Nani aliyekuoza?"

"Shehe mmoja wa Bondeni. Nilisilimu kwanza. Wakasema baba asiyekuwa Muislamu hawezi kuniozesha, kwa hivyo…"

"Kwa hivyo hata habari sistahili."

"Tulitaka kukwambia! Chirau alisema atakwambia mwenyewe. Kila jioni akitoka kuja kucheza nawe anasema leo namwambia. Akirudi anasema kesho."

Kadenge akakumbuka zile jioni za mwisho. Chirau, bingwa wa bao, alikuwa anashindwa ovyo ovyo, anaacha kete mahali ambapo hata mtoto angezila. Kadenge alijisifu kwa watu. Alidhani mwenzake amezeeka, kumbe alikuwa anaachiwa tu. Hasira ikampanda, ikafika kifuani, ikakosa nguvu za kuendelea.

"Nawe unakaa wapi sasa? Wewe pia wapaswa kuwa edani."

"Alinipangia chumba Bondeni. Mwenye nyumba alikuja akatia kufuli, akasema yeye hakupangisha mjane. Nalala kwa shoga yangu, na mumewe hanitaki pale. Eda yangu naikalia kwenye vibaraza vya watu, baba."

"Mbona hukuja nyumbani?"

Dama akalishika buibui lake, kana kwamba hilo ndilo jibu. Na kwa kweli hata Kadenge alijua angempokea vipi siku hiyo, msichana anabisha hodi na buibui na habari kama hizi. Iliuma kujua hivyo.

"Na leo, nani aliyekwambia uje hapa?"

"Bwana Abdulhalim. Alinikuta kwa shoga yangu, akasema nina haki kama mke mwingine yeyote. Nilikuwa nimevaa glavu, baba, nilijua hina itanifedhehesha. Pale mlangoni akanambia nizivue, kidole cha wino hakipigwi na glavu."

Kadenge akafumba macho. Kumbe dalali alijua. Alijua hina ile, na alijua ni nani atakayesimama ubavuni mwa meza na kuiona. Hakuhitaji kusema neno lake mwenyewe. Alihitaji mtu mwaminifu wa kumpigia kelele, akampata wa bure.

Mlango ukagongwa. Dama akashusha nikabu.

* * *

"Bwana Kadenge," Mutunga akasema pale ujiani, "nimemaliza. Huyu mama ni nani?"

Kadenge hakulijibu lile swali. Akauliza lake.

"Mkubwa, tuseme marehemu alikuwa na mke wa pili."

"Unasema ama unauliza?"

"Nauliza."

Mutunga akashusha pumzi ndefu. "Mimi nilichora huu mpango mara nne. Kila nikichora, watu wanaongezeka na vyumba haviongezeki. Nyumba moja, familia moja. Wakitokea wawili wa kubishania ufunguo, mimi si kadhi. Nyumba inaenda kwa anayefuata, na anayefuata unamjua."

"Na kama yule wa ndani si mke?"

"Basi ni tapeli. Gunga anampeleka polisi, na mwenye haki yake anapewa. Kwani shida iko wapi?"

Shida ilikuwa imesimama ndani ya stoo, imejifunika gubigubi. Kadenge akikubali kwamba yule ni mke wa Chirau, Swabaha anakosa nyumba na Abdulhalim anaipata. Akikataa, Swabaha anapata ufunguo wake na Dama analala kituoni kama mwizi. Hapakuwa na njia ya tatu, na kama ilikuwapo, kichwa chake kilichochoka hakikuiona.

"Bi Swabaha hawezi kuja kuuchukua ufunguo," akasema polepole. "Ufunguo uende kwake. Nyumba yake iko hapo tu. Ukamkabidhi mlangoni kwa mkono wako, umeivunja kanuni gani?"

Mutunga alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nadhani alitaka tu kupata hewa.

Wakatoka. Mutunga mbele na ufunguo wake, Kadenge kando yake, Gunga na yule mwanamke nyuma yao, kwa kuwa njia ya kituoni ni hiyo hiyo. Abdulhalim naye akafungua mwavuli, akafuata bila kualikwa.

Walipita safu ya kwanza, ile inayoezuliwa kesho. Kadenge alizijua nyumba zile kwa maradhi yao. Hii boriti yake imeliwa na mchwa. Ile bomba lake la maji machafu hurudi nyuma kila Ijumaa. Hii nyingine alipanda juu ya paa mwenyewe kupaka lami, na Chirau alimshikia ngazi huku akimkejeli. Zamani kidogo alikuwa akizitazama na kupanga la kufanya. Leo alitaka zianguke zote amalize, akalale.

Wakafika kibarazani kwa Swabaha. Mlango ulikuwa wazi, pazia la maua limening'inia.

"Hodi, wenyewe! Masalkheri, Bi Swabaha."

"Akheri, shemeji Kadenge," sauti ikajibu kutoka ndani, sauti ya mwanamke mtu mzima, wala haikuwa na haraka. "Mwaonaje hali? Mbona nyayo ni nyingi yeo?"

"Tumekuja na mkuu wa mipango. Amekuletea ufunguo wako."

"Alhamdulillahi. Mwambie asante kwa kuya mwenyewe."

Mutunga akakohoa. "Mama, pole kwa msiba. Kabla sijakupa, kuna neno moja la kuthibitisha. Bwana Kadenge, wewe ulikuwa rafiki ya marehemu na ni mtu wa ofisi yangu. Nijibu nisikie na wote wasikie. Chirau aliacha mjane mmoja ama wawili?"

Jua lilikuwa kali kibarazani pale. Abdulhalim akauinamisha mwavuli wake ili amwone Kadenge vizuri. Yule mwanamke wa buibui hakutikisika.

Kadenge alimfikiria Swabaha akiwa nje na vyombo vyake kesho, edani, watu wanampita. Alimfikiria Dama kwenye sakafu ya kituo. Akajiambia kwamba kituoni atamtoa. Usiku huu huu atakwenda, atasema na watu, atamtoa. Nyumba ikishakwenda hairudi, lakini mtoto hurudi. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, na mimi simlaumu sana.

"Mmoja," akasema.

"Na huyu?"

"Simjui."

Gunga akaanza kumvuta yule mwanamke. Mutunga akanyosha mkono kuupitisha ufunguo ule upande wa pili wa pazia.

"Wawili," sauti ikasema kutoka ndani.

Mkono wa Mutunga ukasimama hewani.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema wawili. Marehemu aliniambia mwenyewe, juma lile lile alipofariki. Nilimgombeza sana, Mungu amrehemu, sikujua sitampata tena kumgombeza. Ameoa binti wa Kigiriama, jina lake Dama. Kama ndiye huyo mliyemshika huko nje kama mwizi wa kuku, mwacheni apite. Mke mwenzangu hakalii eda njiani."

"Bi Swabaha!" Kadenge akaita. "Unajua unachokisema? Ukisema wawili ufunguo unakwenda!"

"Na wende, shemeji. Miye nimezaliwa bila ufunguo." Kisha akaita kwa upole: "Ingia, mwanangu."

Yule mwanamke akajinasua mkononi mwa Gunga. Akampita Kadenge karibu kabisa, buibui likamgusa mkono. Hakumtazama. Akainua pazia, akazama ndani.

Gunga akataka kumfuata, akasita kizingitini. Hata yeye alijua pale si pa kuingia.

Mutunga alikuwa amekunja uso. "Maneno ya marehemu si ushahidi kwangu. Aliyekufa hawezi kuitwa ofisini. Mimi nataka mtu aliye hai anayemjua huyu msichana. Bila hiyo yeye ni tapeli tu, na huyu mama anamhurumia. Bwana Kadenge, wewe ni mtu wa hapa, unaheshimiwa. Ingia umtoe."

Kadenge akasogea. Akashika ukingo wa pazia.

"Simama hapo, shemeji," Swabaha akasema. "Humu ndani mna wanawake wawili wa eda. Haingii mwanamume ila awe maharimu wa mmoja wetu, baba, au kaka, au mtoto wa kumzaa. Wangu humu hayupo. Sasa nikuulize, na nijibu kwa sauti watu wasikie. Huyu mtoto, weye u nani wake?"

Kadenge akabaki ameshika ukingo wa pazia.

Mutunga akageuka kumtazama. Abdulhalim akafunga mwavuli wake polepole, tabasamu limemkaa mdomoni. Mtaani kwingine kote palikuwa kimya. Ilikuwa saa ile ambayo watu wamekula na wamelala, na hapa mtu mmoja alikuwa anaulizwa jina la mtoto wake.

Akisema baba, amempokonya Swabaha nyumba kwa kinywa chake. Amejipokonya na kazi yake pia, maana mtu wa ofisi anayemkana mwanawe mbele ya mkubwa wake kwa ajili ya ufunguo, nani atamwachia funguo tena? Na mpango wa mtaa mzima, aliouhangaikia mpaka nywele zikamnyonyoka, utakwenda kwa mwingine ambaye hajui hata paa lipi linavuja.

Alisimama vile muda mrefu. Mrefu mno, wasomaji wangu. Mimi ningekuwapo ningemsukuma.

"Shemeji," Swabaha akasema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na haraka, "nakuuliza. U nani wake?"

Kadenge akaliachia pazia.

"Ni mwanangu," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti, mpaka dirisha la jirani likafunguka. "Ni mwanangu! Dama ni mwanangu wa kwanza. Nimemzaa mimi. Aliolewa na Chirau, na mimi nimesema simjui, na nilisema uongo!"

Mutunga hakugomba. Aliurudisha ufunguo mfukoni mwa shati, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mchoro wake umelowa.

"Jumatatu uje ofisini, Bwana Kadenge," akasema. "Uje na funguo zote za stoo."

Abdulhalim tayari alikuwa amekinga kiganja.

Kadenge hakungoja kuona kilichotiwa humo. Alivua viatu, akainua pazia, akaingia. Ndani palikuwa na kiza na baridi ya sakafu. Bi Swabaha alikuwa ameketi mkekani, kanga nyeupe imemfunika mpaka kwenye nyusi, uso ameuelekeza ukutani.

Alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?" Kadenge akauliza.

Mlango wa uani ulikuwa wazi, na nje kamba ya nguo ilikuwa bado inacheza. Kadenge akakimbilia huko. Kichochoro kilikuwa kitupu mpaka kwenye barabara ya Bondeni. Akarudi, anahema, akasimama katikati ya chumba bila kujua aweke wapi mikono.

"Hakukaa," Swabaha akasema, bado anatazama ukuta. "Alipita moja kwa moja. Nilikuuliza upesi ili ajibiwe angali mlangoni pa uani, na weye ukakawia."

"Lakini nimesema! Nimesema mbele ya wote!"

"Umesema, shemeji. Lile la kwanza alilisikia. Hili la pili hakulingoja."